Upande wa Pili wa Mkeka

Nikimsifu Mwalimu Maboksi, msidhani najipendekeza. Mimi na yeye tumegombana miaka kumi na minane, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu, yeye darasa la kwanza, mimi la pili, na kwa muda wote huo nimemwita majina ambayo hapa siwezi kuyaandika. Lakini haki yake nampa. Sijaona mwanamke mwenye mikono kama yake.

Jina la Maboksi alipewa na watoto. Kila boksi lililotupwa dukani, la sabuni, la biskuti, la mafuta ya kupikia, lilikuwa mali yake. Wenye maduka walishamzoea, wakawa wanamwekea. Vitabu vya kusomea vilipokuja vilikuwa vichache, kimoja kwa watoto kumi na wawili, na maandishi yake madogo hata mimi nilihitaji miwani. Sisi wengine tulilalamika, maana kulalamika tunakuweza. Yeye alichukua wembe, gundi ya unga aliyoikoroga nyumbani kwake, na kalamu nene ya wino, akanakili kitabu kizima kwenye maboksi, ukurasa kwa ukurasa, herufi kubwa kama kiganja, na picha juu yake: kuku, ndoo, mama anafagia. Kurasa alizishona kwa uzi wa magunia. Alitengeneza vitabu saba vya namna hiyo, na kila vilipochakaa alitengeneza vingine.

Vitabu hivyo vilikuwa vizito, havikuweza kusimama. Alivilaza sakafuni, kila kimoja katikati ya mkeka wake, watoto kumi na wawili wakakizunguka. Ubao wa darasa lake ulishabanduka rangi, chaki haishiki, kwa hiyo kila kitu kilifanyika mkekani. Yeye alikaa kwenye kigoda upande mmoja, kitabu kimemwelekea, fimbo ya kuonyeshea mkononi, anasoma na watoto wanamfuata. Akimaliza hapo anabeba kigoda chake kwenda mkeka mwingine.

Na alikuwa na sheria moja asiyotaka mzaha nayo. Mtoto akishapewa nafasi yake siku ya kwanza, hahami mpaka mwaka uishe. Akitupa jicho mara moja tu, alijua nani hajaja. Hata mtihani aliutoa hapohapo, kila mtoto amekaa pake, anasoma, anawekewa alama. Wakaguzi walikuja wakabaki midomo wazi. Walimpa cheti, kikatundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na shule tatu za jirani zikaja kuiga mikeka yake.

Mimi ndiye niliyekuwa nawapokea watoto wake. Wananiita Mwalimu Pilipili, wanadhani sijui. Wengi walikuja kwangu wanasoma kama maji. Baadhi walikuja na tabia ya kulaza shingo begani wakisoma, na mimi nikawa nawanyoosha shingo kwa mikono yangu miwili huku namsema mwenzangu kwa malezi mabovu. Na kila mwaka hawakukosekana watatu au wanne ambao hawajui kitu. Unampa kitabu, anakitazama, anakutazama wewe, anakitazama tena. Hao niliwaita vichwa maji, tena kwa sauti.

Nilikuwa na kisa na watoto wa aina hiyo, kwa sababu mmoja wao nilimzaa mwenyewe. Kitindamimba wangu, msichana, mtoto wa mwalimu, hajui kusoma. Mnajua aibu hiyo? Alipoanza darasa la kwanza nilimwendea Mwalimu Maboksi nikamwambia amketishe mahali ambapo atamwona usoni muda wote, asije akalala. Alipofika kwangu nilimkazia kuliko watoto wa watu, ili pasitokee wa kusema nampendelea. Haikusaidia. Alijikokota mpaka darasa la tano, akaniambia hataki tena. Sasa ana miaka kumi na tisa, yuko kwa fundi cherehani pale kona ya barabara yetu. Fundi mwenyewe anamsifu kwamba ana kumbukumbu ya ajabu: akiandika vipimo vya mteja daftarini, binti yangu amesimama ng'ambo ya meza, basi hata wiki mbili zikipita hahitaji kuambiwa tena. Nilikuwa najibu kwamba angalau Mungu hakumnyima vyote.

Sasa niwaambie habari ya Kimya, maana ndiye aliyetufumbua macho.

Kimya alikuwa binti wa fundi mwashi, miaka tisa, na tulimwita hivyo kwa kuwa darasani kwangu hakutoa sauti. Nilikuwa nimeshamrudisha darasa la kwanza mara moja. Huko Mwalimu Maboksi akamkalisha palepale pake pa zamani, akampima, akaniletea jibu kwamba mtoto anasoma vizuri sana. Nikampokea, nikampa kitabu, kimya. Tuligombana mbele ya walimu wenzetu. Nilimwambia anawapa watoto alama za huruma ili cheti chake kisishuke ukutani, naye akaniambia mimi nawatisha watoto mpaka wanasahau majina yao. Daftari la mtoto nalo lilikuwa kichekesho, analianzia mwisho, limekaa miguu juu. Maandishi yenyewe hayakuwa mabaya, kwa hiyo nikaamua kwamba ananakili kwa jirani yake.

Mwisho wa muhula ulipokaribia, nilimwita baba yake. Nilimwambia kwa kifupi kwamba akishindwa tena kusoma mbele yangu, itabidi aanze darasa la kwanza kwa mara ya tatu. Yule baba alinisikiliza, kofia mkononi, vumbi la saruji kwenye kope. Akasema hatamrudisha kukaa na watoto wa miaka sita. Mtoto akishindwa, atakwenda kwa shangazi yake kulea mtoto mchanga, na mambo ya shule yataishia hapo. Tukakubaliana aje Alhamisi saa nne asikie mwenyewe.

Alhamisi hiyohiyo, asubuhi, likaletwa boksi la vitabu vipya vya hadithi. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, kitabu kimoja kwa kila mtoto. Nilikata utepe wa boksi mwenyewe kwa wembe. Watoto wengine walikuwa nje mapumzikoni, Kimya nimemsimamisha mbele ya meza yangu tukimsubiri baba yake. Nikachukua kitabu cha juu kabisa, nikakilaza mezani mbele yangu, nikaanza kufunua kutafuta ukurasa mwepesi wa kumpima nao. Nilitaka apate ukurasa mwepesi. Ukali wangu una mipaka.

Nikasikia mtoto anacheka.

Mbele yangu watoto hawacheki hovyo. Nilimuuliza anacheka nini. Akaziba mdomo, akakionyesha kitabu kwa kidevu, akasema, "Mbuzi amekula sabuni, Mwalimu."

Nilitazama ukurasa. Picha ilikuwa ya mbuzi amesimama mlangoni, basi. Sabuni haikuwepo pichani. Nikasoma maandishi ya chini: Mbuzi wa jirani ameingia jikoni. Amekula sabuni yote. Sasa kila akilia, anatoa povu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijayafikia maneno hayo, na kitabu hicho kilikuwa hakijaonwa na mtu mwingine shule nzima.

Nilifunua ukurasa mwingine, mbali kabisa, bila kukigeuza kitabu, nikamwambia asome. Akasoma. Taratibu, kwa sauti ndogo, lakini alisoma neno kwa neno, hakuruka hata moja. Nikafunua mwingine. Akasoma. Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho mwalimu yeyote angefanya, nikamgeuzia kitabu ili asome vizuri, kimwelekee yeye.

Akanyamaza. Macho yake yalitangatanga juu ya ukurasa uleule aliotoka kuusoma, midomo ikawa inacheza bila sauti. Nilikirudisha kilivyokuwa, maandishi yakinielekea mimi, na kwake yakiwa miguu juu. Akasoma tena.

Nilimwambia asiondoke hapo, nikaenda kumwita Mwalimu Maboksi, na nadhani uso wangu ulikuwa umebadilika kwa sababu hakuniuliza kitu, alikuja na gundi bado vidoleni.

Alimsikiliza mtoto akisoma ng'ambo ya meza, akatabasamu, akanitazama kama anayesema nilikwambia. Nikamwomba amgeuzie kitabu. Akamgeuzia. Tabasamu likaisha. Akakirudisha, akamgeuzia, akakirudisha, mara tatu au nne, na kila safari mtoto alisoma au alinyamaza kulingana na kitabu kilivyokaa. Kisha aliweka kitabu chini polepole, akatoka. Nilimfuata.

Darasa lake lilikuwa tupu, mikeka saba imetandikwa, vitabu vya maboksi vimelala katikati. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa tatu. Hakukalia kigoda chake. Alizunguka mpaka upande wa pili, mahali pa Kimya, akajishusha kwa shida, mtu wa miaka hamsini na nane mwenye magoti mabovu, akanyoosha miguu kama mtoto. Akatazama kitabu chake mwenyewe. Kuku alikuwa kichwa chini. Ndoo ilikuwa imepinduka. Akaweka kidole juu ya herufi moja aliyoichora kwa mkono wake, akaifuata mpaka mwisho, akaanza tena.

"Sijawahi kukaa huku," alisema. "Miaka ishirini na miwili, mdogo wangu. Sijawahi kukaa huku hata siku moja."

Ningemsema vipi? Mimi pia nimeingia darasa lile mara zisizo na idadi, kumwazima chaki, kumletea maneno yangu ya hasira, na kila mara nilisimama mlangoni, nyuma ya kigoda chake. Wakaguzi nao walisimama hapohapo. Mwalimu mkuu hapohapo. Shule tatu zilisimama hapohapo zikaandika madaftarini.

Akaanza kunieleza, ila nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Wale wa pembeni, kushoto na kulia, wanalaza shingo, kisha wakifika kwangu wanajirekebisha. Wale wa upande wake wanaona kama yeye. Hawa wa mbele yake ndio waliojifunza kila herufi juu chini, wakaizoea, wakaipenda. Wakiandika kwenye vibao vyao wanavishika kifuani kumwonyesha, wanavisimamisha wima, na yeye anasoma sawasawa, anawapigia makofi. Wengi lazima walijigeuza wenyewe huko mbele, kimyakimya, watoto wana akili. Waliobaki ni wale walioogopa.

Hakusema walimwogopa nani. Hakuwa na haja.

Fundi mwashi alifika tukiwa bado pale. Tulimkalisha kwenye kiti changu, kitabu mbele yake, mtoto ng'ambo ya meza. Yeye mwenyewe husoma kwa kufuata kidole, na kila alipofika kwenye neno, mtoto alikuwa ameshalipita. Katikati ya ukurasa aliacha kufuata, akawa anamtazama binti yake tu. Tulimweleza yote, na hatukuficha kosa la nani lilikuwa wapi. Alichukua muda kuelewa. Alikigeuza kitabu mwenyewe, akakirudisha, kama sisi.

"Kwa hiyo alikuwa anajua," alisema.

Nikamwambia alikuwa anajua.

"Nimemwambia mbele ya ndugu zake kwamba hana akili. Siyo mara moja." Alikuwa anaifinya kofia yake. "Sasa hilo nani atalitoa?"

Mwalimu Maboksi ndiye aliyejibu, na hakumjibu yeye. Alipiga magoti, yale magoti yake, akamshika mtoto mikono, akamwambia kwamba mwalimu ndiye aliyekosea, siyo yeye, na kwamba watajifunza pamoja kusoma kwa upande huu mwingine, kidogo kidogo, bila kuharakishwa na mtu. Mtoto alimtazama, kisha akanitazama mimi, akitaka kujua kama Mwalimu Pilipili naye amekubali. Niliitikia kwa kichwa. Habari ya shangazi haikutajwa tena, baba alimuaga bintiye akarudi kwenye ukuta wake.

Jioni niliyasikia mapigo ya nyundo ng'ambo ya ukuta wetu. Mwalimu Maboksi alikuwa anatoboa vitabu vyake vyote saba kwa msumari, anapitisha kamba, anavitundika ukutani juu ya kila mkeka. Nilisimama mlangoni, kisha nikaona nimesimama tena mahali palepale, nikaingia ndani.

Alikuwa na karatasi mezani, ameandika majina. Alikuwa anajaribu kuwakumbuka wote waliokaa upande ule, mwaka kwa mwaka. Alisema kesho ataomba ruhusa aende kwenye zile shule tatu. Kisha akainua macho.

"Wako naye alikaa pale," alisema. "Uliniomba mwenyewe. Ulisema nimweke mahali ambapo nitamwona usoni."

Nilitaka kumkasirikia. Hasira ndiyo mali yangu, nimeishi nayo vizuri, lakini siku hiyo niliitafuta nikaikosa. Nilichukua kitabu kimoja kipya bila hata kujaza daftari la kuazima vitabu, nikatoka.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika kwa fundi cherehani. Mwenyewe alikuwa ametoka kununua uzi. Binti yangu alikuwa peke yake, anapiga pasi suruali kwenye meza ndefu. Alinisalimia, akauliza kama nyumbani kuna tatizo, maana mimi pale sipiti. Nikamwambia hakuna. Nikavuta stuli, nikakaa upande wangu wa meza, nikakifungua kitabu mbele yangu, maandishi yakinielekea mimi, nikamwomba anisomee.

Aliisimamisha pasi. Alinitazama kwa muda mrefu, siyo kwa mshangao. Mshangao wote ulikuwa kwangu. Kisha akainama kidogo, akaweka ncha ya kidole ukurasani.

"Mbuzi wa jirani ameingia jikoni," alisoma. "Amekula sabuni yote. Sasa kila akilia, anatoa povu."

Hakucheka. Vipimo vya wateja vilinijia akilini, kumbukumbu ya ajabu, lile daftari la fundi lililofunguliwa ng'ambo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Miaka yote hii, mwanangu, nyumba moja, sahani moja, kwa nini hukuniambia?

"Nilikuambia, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Darasani kwako. Ulinipa kitabu nisome mbele ya wenzangu, nikakigeuza ili nione. Ukanipiga kofi. Ukasema nafanya mzaha na kitabu."

Nilikuwa nimesahau. Hilo ndilo lililonivunja zaidi, kwamba nilikuwa nimelisahau kabisa, na yeye alipolitaja nikaliona lote: kitabu miguu juu mikononi mwake, darasa linacheka, na mkono wangu unakwenda. Nilijisifu sana siku ile. Nilijiambia sasa hakuna atakayesema nampendelea.

Nilitaka kumwomba msamaha, na maneno hayakuja. Yaliyokuja ni ualimu. Nikanyoosha mkono kukishika kitabu, nimgeuzie pole pole, nimwonyeshe, na nikamwona anarudi nyuma nusu hatua. Binti wa miaka kumi na tisa, ana pasi ya moto mbele yake, anaukwepa mkono wangu.

"Usinigeuzie," alisema. "Leo acha hivyohivyo."

Niliurudisha mkono, nikauweka mapajani, nikauwekea wa pili juu yake. Alisubiri mpaka akahakikisha umetulia. Kisha akasogea tena mezani, akafunua ukurasa mwenyewe kutoka upande wake, akaendelea kusoma.